Mwonjaji wa Mawese Arudi Mtandaoni

Jumatatu, 7 Aprili 2008

Kriii, tong-tong, kriii, halafu shhhh ndefu, kama mtu anamimina mchele kwenye sinia. Sauti ya modemu. Miaka minne imepita na bado naisikia nikifumba macho. Nilikuwa mwanafunzi wa Lettres, yaani lugha na fasihi, Bujumbura, na kila jioni nilipoisikia ile shhhh pale mkahawa wa intaneti niliamini mlango umefunguka na dunia inaningoja.

Haikuwa inaningoja. Blogu yangu ya mashairi ilikuwa na msomaji mmoja tu, aliyejiita Mpenda Maneno. Baadaye nikagundua ni binamu yangu Djibril, mfanyakazi wa palepale mkahawani, aliyekuwa akinionea huruma. Nikaacha kuandika. Nikarudi Rumonge na diploma yangu na aibu yangu.

Leo narudi mtandaoni! Na si kwa mashairi. Sasa nina taaluma.

Mimi ni mwonjaji wa mawese. Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya mradi mmoja wa ubora wa mazao. Wenzangu walikwenda kwa ajili ya soda na sambusa. Mimi nilipoambiwa nifumbe macho, ninuse, niyaache mafuta yatambae ulimini bila kuyameza, niliomba kijiko cha pili. Kumbe maisha yangu yote nimekula mawese kama mtu anayesoma kitabu kwa kukipima uzito!

Nimemweleza shangazi Kadidja, ninayeishi kwake. Alikuwa anachambua lengalenga, mchicha wetu. Akasema hata inzi wanaonja, na hajasikia inzi amepewa sertifika.

Utaratibu wa kazi. Rumonge hakuna intaneti ya kutegemewa. Nitachapa makala kwenye duka la fotokopi, saa jenereta ikiwaka. Nitayatia kwenye flashi. Flashi nitampa Shafii, dereva wa minibasi ya Bujumbura. Shafii atampa Djibril, Djibril ataweka kwenye blogu, atachapisha maoni ya wasomaji kwenye karatasi, na Shafii atanirudishia. Nchi nyingine wanaiita intaneti. Sisi tunaiita Shafii.

Jina la blogu: Ulimi wa Haki. Shangazi ameuliza haki ya nani. Ana mambo yake ya kufikiria. Binti yake Zubeda anarudi kutoka kambini Tanzania na watoto, baada ya miaka yote ile ya ukimbizi, na nyumba aliyomjengea nyuma ya yetu ina kuta lakini haina paa. Mawese ya msimu mzima ameyaficha chumba cha uani. Hadji Feruzi, mnunuzi mkubwa wa Bujumbura, atakuja kuyabeba yote mwisho wa mwezi. Shangazi hayaiti mafuta tena. Anayaita mabati.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeonja toka Kigwena hadi Gatete. Kijiko, glasi, chupa ya maji vuguvugu ya kusuuzia kinywa. Tumbo langu linanguruma kama ngurumo za upande wa Kongo, lakini taaluma ina gharama zake.

Matokeo kwa ufupi. Kinu cha kwanza cha kukamulia mawese: maharage yaliyoungua. Cha pili: mbuzi. Sijui mbuzi aliingiaje. Cha tatu: maji mengi, mafuta yenye woga. Kisha nikafika kwa Mama Cibalonza, Gatete. Huyu ni mama wa Kikongo, mikono yake minene kama ya mpiga kasia, na yeye na shangazi hawasalimiani vizuri tangu walipogombea ngazi, yaani mikungu ya matunda, za shamba moja la michikichi. Mawese yake si mabaya. Ya kawaida. Yana ukali kidogo kooni, kama mtu anayekusifu huku anakutazama viatu.

Nikatema, kama tulivyofundishwa. Kosa! Wote wakanigeukia.

"Ee Madmwazeli," akasema Mama Cibalonza, "kwenu mumeshiba mpaka munatema mafuta?"

Wakacheka wote. Aliyekuwa anasukuma kinu alikaa chini ili acheke vizuri. Niliondoka nimenyoosha shingo. Wakaniita Madmwazeli Kijiko mpaka barabarani.

Jana nyumbani, shangazi alipokwenda sokoni, niliingia chumba cha uani nikaonja yake. Kwa mara ya kwanza kitaalamu.

Nilikaa juu ya gunia. Nyekundu ya ndani ya papai bivu. Harufu ya maganda ya karoti, moshi kwa mbali sana. Hayakwaruzi koo, yanateleza, yanaondoka, halafu yanarudi kuaga. Machozi yalinitoka. Mwanamke huyu anayenigombeza kila siku kwa kuacha taa inawaka ni bingwa, na hakuna anayejua!

Nimeandika makala nikiwa na moto huo huo. Mawese bora kuliko yote ya mwambao. Semina walisisitiza sana kwamba bidhaa lazima ijulikane inatoka wapi, kwa hiyo nimetaja jina la shangazi, mtaa, mlango wa kijani, chumba cha uani, nyuma ya magunia ya mchele. Nimeeleza pia kwamba mzigo ni mkubwa. Shafii ameondoka na flashi leo asubuhi.

Jumapili, 13 Aprili

Hakuna maoni. Hakuna chochote! Ijumaa Shafii alichelewa. Jana aligeuza gari Magara, katikati ya njia, kwa sababu mbele milio ya risasi za jeshi na waasi ilikuwa haijakata. Ameniambia blogu yangu ina moyo mwepesi, ikisikia risasi inarudi nyumbani. Abiria walifurahi sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Waandishi wengine wanazuiliwa na kukosa kipaji. Mimi nazuiliwa na kizuizi.

Mchana mkungu wa ngazi ulianguka toka mchikichi wa uani. Puu! Uani kwetu mtu haulizi ni nini. Sote tulikuwa chini ya vitanda kabla vumbi halijatulia. Shangazi, akiwa chini ya kitanda chake, kwa sikio tu, alisema mkungu ni wetu na umeiva. Kisha akaniamuru nitoke wa kwanza, kwa kuwa nimesoma.

Jumatano, 16 Aprili

Maoni! Shafii amepita! Ukurasa mzima umechapishwa!

La kwanza ni la Mpenda Maneno: "Endelea hivyohivyo." Namjua huyo. La pili ni la mtu anayeuza dawa ya nguvu za kiume, kwa Kiingereza. Hakutaja mawese hata kidogo, lakini naye amefika.

La tatu! Asmani, mtoto wa jirani yetu wa pili, aliyeondoka kambini akapelekwa Norwe. Ameandika aya nne. Amesoma makala yangu akiwa kazini, kiwanda cha samaki, akalia mbele ya wazungu. Ameyakumbuka mawese ya Ma Kadidja kwenye ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, mkono wake, sauti yake. Hakujua kama mzee bado yuko, sembuse kama ana mzigo mkubwa kiasi hicho. Alinishukuru. Akamalizia kwamba ameshampigia mama yake simu.

Nimeisoma mara nyingi. Mtu amelia! Kwa sentensi zangu! Sentensi ya simu niliipita haraka, haikuwa na ladha.

Alhamisi, 17 Aprili

Balaa.

Mama yake Asmani alipokea simu toka Norwe juzi. Jana akalisema kwenye bomba la maji. Leo wamekuja.

Wa kwanza aligonga kabla chai haijachemka. Kila mmoja alikuwa "anapita tu", na kila mmoja, kwa bahati, alikuwa na chombo kitupu mkononi. Mke wa fundi cherehani na chupa. Mzee aliyedai ni mjomba wangu upande wa bibi, na sufuria. Wawili kutoka kamati ya mazishi, ingawa hakuna aliyekufa. Mkubwa wa mtaa alikuja kuzungumzia mchango wa usalama. Saa nne akaja mwanajeshi wa pozisio, kituo chao cha karibu na ziwa, kijana mwenye adabu sana, na bidoni, dumu tupu la plastiki. "Amahoro, mama," alisema. "Tumesikia hapa iko mafuta. Maharage yetu yanalia."

Shangazi hakumnyima mtu. Alitabasamu mpaka shavu likawa linatetemeka. Alimimina, alimimina, na mimi nilishika faneli. Kila mmoja aliyeondoka alikuwa ameondoka na bati.

Walipokwisha alifunga mlango. Akatia chumvi na pilipili kwenye mkaa, akazungusha moshi juu ya bidoni zilizobaki kuondoa jicho la watu. Kisha akanizungushia na mimi. Nilikohoa hadi nikaona nyota. Sidhani ilikuwa sehemu ya dawa.

"Sumaya, mutoto wa kaka yangu," akasema, polepole, "hapa Rumonge umewahi kusikia mutu anasema yake iko nzuri?"

Nikafikiri. Sijawahi. Ukimuuliza mvuvi habari za usiku, atasema wameponea chupuchupu, hata kama mtumbwi unakaribia kuzama kwa ndagala. Ukimuuliza mkulima, iko kidogo tu, murakoze, asante. Mawese mazuri husafiri kwenye bidoni chafu kuliko zote. Nilidhani ni unyenyekevu. Niliwahi hata kuusifu darasani.

Shangazi akanikumbusha jirani aliyechinja ng'ombe kwa akika ya mwanawe mwaka ule mbaya, harufu ya pilau ikapanda mpaka milimani, na kabla ya adhana wakateremka wageni wenye bunduki ambao hawakualikwa. Jirani alibakiwa na roho yake na kandambili moja. Akaniuliza kama naijua hadithi hiyo.

Naijua. Niliwahi kuitungia shairi.

Jumanne, 22 Aprili

Ukimya wa siku hizi umenisaidia kufikiri. Shangazi haongei na mimi. Anaongea na paka, kuhusu mimi, nikiwa karibu. Anamwambia paka kwamba yeye haogopi majirani, anaogopa wale wasiogonga.

Nimepata suluhisho! Ni rahisi mpaka nimekasirika sikuliona mapema. Ulichojenga kwa sifa, kibomoe kwa lawama. Naandika makala ya pili: Ulimi wa Haki umekosea, umerudia kuonja, mawese ya Kadidja hayafai. Hakuna mwenye bidoni wala mwenye bunduki atakayesumbukia mafuta mabovu.

Taaluma yangu ilipiga kelele ndani yangu. Niliipa pole.

Barabara imefungwa tangu wiki iliyopita, huko Bujumbura mabomu, Shafii anaosha minibasi isiyokwenda popote. Kwa hiyo nilikwenda kwenye kibanda cha simu cha sokoni kumsomea Djibril makala, ayachape upande wa pili. Mtandao ulikuwa mbovu. Djibril hakusikia. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Nilianza kwa sauti ya kistaarabu: mawese ya Kadidja yana harufu ya soksi. Djibril akasema nini? Nikasema soksi. Akasema boksi? Nikasema SOKSI! SOKSI YA MPIRA! Foleni ikasogea. Nikaendelea: yana maji, yana mchanga, yanaacha koo kama limepigwa brashi ya viatu. Djibril akasema hajapata jina. "KADIDJA!" nikapiga kelele. "Shangazi KADIDJA! Mlango wa KIJANI! YANANUKA!"

Nilipogeuka, soko lilikuwa limesimama. Muuza mihogo alikuwa ameweka mkono kifuani. Mwenye kibanda alinipunguzia bei, akasema kwa huzuni kama ile hawezi kumtoza mtu dakika zote.

Djibril amethibitisha makala yamewekwa. Amesema ndiyo maandishi yangu yenye nguvu kuliko yote. Nilifurahi kidogo. Siwezi kukana.

Ijumaa, 25 Aprili

Imefanya kazi! Hakuna aliyegonga. Mwanajeshi mwenye adabu amerudisha bidoni yake, na mafuta yake ndani, akasema wenzake wanashukuru lakini wana doria, hawawezi kuhatarisha matumbo. Nilimwangalia shangazi nikitarajia angalau kikombe cha chai.

Saa sita simu yake ililia. Hadji Feruzi. Amesikia habari sokoni Bujumbura. Alisikitika sana. Wamefanya biashara muda mrefu, ni mama anayemheshimu, lakini wateja wake wanaulizana kuhusu soksi. Mwaka huu atachukua kwa Mama Cibalonza.

Shangazi alisema sawa, Hadji, Mungu akupe afya. Akaweka simu mezani kwa uangalifu, kama yai. Hakunitazama. Akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona kwa dirisha: alikwenda kusimama ndani ya nyumba ya Zubeda, katikati ya chumba, chini ya mahali ambapo paa lingekuwa, na mvua ikimpiga kichwani. Alisimama tu. Kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Sijaweza kula. Malori ya wakimbizi yanaanza kuvuka wiki ya pili ya Mei. Wajukuu wake hajawahi kuwaona.

Lazima nitengeneze. Mimi, si mwingine.

Jumapili, 27 Aprili

Mpango wa tatu. Huu hauna tundu.

Hadji anataka mawese ya Mama Cibalonza. Basi nimsifu Mama Cibalonza! Nimsifu mpaka mbinguni. Watu watamwendea na chupa na sufuria kama walivyotujia sisi, mzigo wake utapungua, Hadji atakuja akute hautoshi, na hatakuwa na pa kwenda ila mlango wa kijani. Ni kama hesabu. Sijui kwa nini walinipeleka Lettres.

Makala: "Malkia wa Gatete". Nimeeleza kinu, njia ya kufika, banda la mabati mekundu. Nimeandika kwamba ukali wa mawese yake kooni ni "tabia". Uongo mtupu, ni ukali tu. Barabara imefunguka asubuhi, Shafii amebeba flashi, na kwa usalama nimemweleza pia mama yake Asmani pale bombani.

Jumatano, 30 Aprili

Mama Cibalonza amekuja.

Amekuja kwa miguu toka Gatete, kitenge amekifunga kiunoni kwa fundo la kupigania. Nilimwona kwa mbali nikaingia nyuma ya pipa. Nilisikia kila kitu. Alisema tangu juzi kinu chake kimekuwa kama mlango wa zahanati. Wameingia watu asiowajua, wamemkumbusha udugu asiokuwa nao, mchungaji wake amehubiri kuhusu mjane na chupa ya mafuta huku akimtazama yeye, na wanajeshi wamekuja na bidoni tatu.

"Mama Zubeda," alisema, "mimi na wewe tuko na maneno yetu ya ngazi. Sawa. Lakini nilikufanya nini mpaka umutume mutoto anisifu?"

Shangazi akasema hakunituma. Akasema mimi situmwi, najituma mwenyewe. Akasimulia yote: chumba cha uani, soksi, Hadji, paa. Nilingoja kelele. Badala yake nikasikia kicheko. Kwanza kimoja, cha ndani, kama injini inayokataa kuwaka. Kisha viwili. Walicheka mpaka Mama Cibalonza akaomba maji.

"Soksi!" alisema.

"Ya mpira," akasema shangazi.

Nikatoka nyuma ya pipa nikidhani nimesamehewa. Nilipewa sinia la mchele nichambue, nje, na mlango ukafungwa.

Jumamosi, 3 Mei

Sikuambiwa mpango. Nimeuelewa kwa kubeba.

Jana mchana kutwa, mkokoteni wa nyasi za mbuzi umetoka kwetu kwenda Gatete na kurudi, na chini ya nyasi mawese ya shangazi. Kwa Mama Cibalonza yamemiminwa kwenye bidoni zake mbaya kuliko zote, zenye vizibo vya maganda ya mahindi. Hadji anataka ya Cibalonza, ya Cibalonza hayatoshi kwa sababu ya sifa zangu, basi atapata ya Kadidja kwa jina la Cibalonza. Yeye Cibalonza anauza yake machache pamoja nayo, na ngazi za lile shamba watagawana kuanzia msimu ujao. Hadji haibiwi. Anapata mazuri zaidi ya aliyoagiza. Ndiyo kwanza nasikia udanganyifu ambao mdanganywa anatoka na faida.

Leo amefika na lori. Mzee safi, kofia nyeupe. Alichovya kidole, akalamba, akafumba macho. Nilikuwa nimesimama hatua chache toka hapo, nimeshika faneli. Niliyaona mafuta yale yakimfikia. Yalitambaa, yakaondoka, yakarudi kuaga. Alifumbua macho yamelowa.

"Allahu akbar," alisema. "Haya ndiyo mawese. Si kama yale ya Kadidja."

Nilifungua mdomo. Mama Cibalonza alinikanyaga. Ana uzito wa haki.

Hadji akasema amesoma kwamba ukali wake kooni ni tabia, na kweli ameusikia, tabia tupu. Hakuna ukali! Mawese yale hayana ukali hata wa dawa! Mtu amelamba ubingwa wa shangazi yangu na kuuita wa mwingine, kwa maneno niliyoyatunga mimi, na nilitakiwa nishike faneli. Sijawahi kuteseka hivi kitaaluma. Mashairi yangu hayakuwahi kuniumiza kiasi hiki.

Shangazi hakuwepo. Alibaki nyumbani akisema kwa kila apitaye kwamba mwaka huu ameumia, mafuta yameharibika yote, iko kidogo tu ya kupikia.

Ijumaa, 9 Mei

Paa limepigwa. Mabati mapya. Shangazi amemtaka fundi ayapake matope kidogo upande wa barabarani ili yasing'ae.

Leo wamefika. Lori liliwashusha kwenye njia panda na magodoro na masufuria. Zubeda aliondoka msichana, amerudi mama mwenye kovu la kuni kwenye kiganja na watoto watatu wanaosema Kiswahili cha kambini, kitamu kama cha redioni. Shangazi alikuwa amejiandalia maneno. Aliyaweka kando. Aliwashika vichwa watoto mmojammoja, kama mtu anayepima matikiti, akawaingiza ndani ya nyumba. Mvua ikaanza, ya mwisho ya msimu labda. Walisimama wote katikati ya chumba wakasikiliza juu. Hakuna aliyelowa.

Nililia. Bila kusoma chochote.

Jioni niliitwa. Shangazi na Mama Cibalonza, aliyekuja na kuku. Niliapishwa. Mkono wangu juu ya msahafu wa shangazi, na Mama Cibalonza akadai niapie na Biblia yake pia, kwa usalama. Niseme: sitaandika tena mtandaoni kuhusu ladha ya mawese ya mtu yeyote, mazuri wala mabaya, hai wala mfu. Nimesema. Ulimi wa Haki ufutwe. Nimempigia Djibril mbele yao, sauti ya chini, akaufuta. Shangazi akanibusu paji la uso. Akasema mtoto akiungua ndipo anajua moto. Zubeda akaniuliza taaluma yangu ni nini. Wote wakamjibu kwa pamoja kwamba sina.

Jumatatu, 12 Mei

Kiapo ni kiapo. Nimekitafakari kwa siku mbili, kila neno, kama nilivyofundishwa kusoma matini. Ladha. Mawese. Hakuna hata neno moja kuhusu biashara.

Na hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Kuonja kulikuwa njia tu! Taaluma yangu halisi ni uchambuzi wa biashara. Nimeshuhudia kwa macho yangu jambo ambalo hakuna profesa aliyeliandika: wanawake wawili wa mwambao, katikati ya vita, wenye ugomvi wa miaka, wanauza mzigo wa mmoja kwa jina la mwingine, chini ya nyasi za mbuzi, na mnunuzi anaondoka anamshukuru Mungu. Huu ni urithi! Huu ni ujasiri! Na haki ya shangazi imekaa gizani, watu Bujumbura wanakula ubingwa wake na kumsifu jirani. Kunyamaza ni kumdhulumu mara ya pili.

Kwa hiyo jana, wakiwa wanapanga vyombo nyumba ya Zubeda, nilikwenda duka la fotokopi. Blogu mpya: Rumonge Inavyouza. Makala ya kwanza, kurasa tatu, ladha haikutajwa hata mara moja. Nimekuwa mwangalifu sana safari hii. Nimebadilisha majina yote ili kulinda watu, isipokuwa la Kadidja, la Cibalonza na la Hadji Feruzi, kwa sababu bila hayo msomaji angepotea.

Shafii ameondoka na flashi alfajiri. Barabara ni shwari. Nadhani sasa hivi anapita Magara.